Chai, Chenji na Ahsante: Bakshishi katika Mtaa wa Biryogo

Mtu ateremkaye kutoka katikati ya jiji la Kigali kuelekea Nyamirambo hufika Biryogo kabla hajachoka. Mtaa huu hauhitaji kibao. Kwanza huja harufu ya nyama ichomwayo, kisha harufu ya tangawizi, kisha sauti ya mwadhini, na mwisho lugha. Hapa Kiswahili husemwa barabarani bila kuombwa. Mwuza viatu atamwita mteja kwa Kinyarwanda, atamjibu rafiki yake kwa Kiswahili, na huenda akahesabu fedha kwa Kifaransa, yote hayo kabla hajamaliza kufunga kifurushi kimoja.

Jambo hili lina asili yake. Dakta Richard Kandt alipoanzisha kituo cha Wajerumani Kigali mwaka 1907, utawala huo ulifuatana na askari, makarani, wapagazi na wachuuzi waliosema Kiswahili, na wengi wao walikuwa Waislamu. Mwaka 1913 mji huo mchanga ulipata msikiti wake wa kwanza. Wabelgiji walipochukua nchi waliwatengea Waislamu na wageni waliosema Kiswahili mahali pao pa kukaa, palipoitwa Kambi ya Waswahili, na Biryogo ni tunda la mpango huo. Mwezi Februari mwaka 2017 Bunge la Rwanda lilikubali Kiswahili kiwe lugha rasmi ya nne pamoja na Kinyarwanda, Kifaransa na Kiingereza. Wazee wa Biryogo wangekuwa na haki ya kusema kwamba sheria hiyo ilichelewa sana kufika nyumbani kwao.

Kwa mtu wa jeshi au wa polisi, Biryogo ina mvuto wa namna yake. Lugha aliyoizoea kambini ndiyo lugha ya mkahawani. Neno afande halimshangazi mtu. Tena tangu mwaka 2021, wakati wa maradhi ya COVID-19, sehemu ya barabara ilipofungwa kwa magari, ikapakwa rangi nyingi, na meza za mikahawa zikatolewa nje, mtaa umekuwa mahali ambapo mume, mke na watoto wanaweza kukaa jioni nzima bila kulazimika kununua kinywaji kikali. Mikahawa mingi ya hapo haikiuzi kabisa. Chai ndiyo mfalme, chai ya maziwa yenye viungo, ikifuatana na chapati, sambusa, au vijiti vya nyama ya mbuzi.

Lakini starehe hiyo ina swali lake, nalo humjia mgeni mara tu anapoinuka kwenye kiti: je, aache kitu mezani? Kiasi gani? Na yule aliyembebea gunia, na yule aliyemwosha kichwa kwenye saluni, na yule mlinzi wa mlangoni? Ni swali dogo kwa aliye na fedha nyingi. Kwa familia inayoishi kwa mshahara wa mwezi si dogo hata kidogo. Mwenye haya hutoa kupita uwezo wake, akarudi nyumbani bila fedha ya maziwa. Mwenye mkono mgumu hujipatia sifa ambayo watoto wake huikuta mtaani. Na kwa mvaa sare liko la tatu, zito kuliko yote mawili, ambalo litafikiwa mahali pake.

Neno lenyewe, bakshishi, si la jana. Asili yake ni Kiajemi, katika kitenzi chenye maana ya kutoa na pia kusamehe. Ng'ambo ya Ziwa Kivu, katika miji ya Goma na Bukavu, watu husema matabishi. Neno hilo limetoka kwa Wareno, waliosema mata-bicho, yaani kuua mdudu, wakikusudia tone la kinywaji anywalo mtu asubuhi ili kumtuliza mdudu wa tumboni. Biryogo husikika zaidi ahsante, au chai, au soda. “Mpe ya fanta,” mtu humwambia mwenzake, naye aliyeambiwa huelewa kwamba si lazima chupa inunuliwe. Ni jambo la kutazamwa kwamba mataifa mengi yameipa zawadi hii jina la kinywaji. Labda ni kwa kuwa kinywaji huisha upesi, wala hakimwachi aliyepewa akiwa mtumwa wa aliyetoa.

Waswahili wa pwani walikuwa na ustadi mkubwa zaidi katika jambo hili. Wao hawakuridhika na jina moja. Mtoro bin Mwinyi Bakari, ambaye kitabu chake cha desturi za Waswahili kilichapishwa mwaka 1903 kwa mkono wa Mjerumani Carl Velten, aliishi katika ulimwengu ambamo kila tendo la heshima lilikuwa na ada yake na ada ilikuwa na jina. Arusi peke yake ilikuwa na orodha nzima. Kulikuwa na mkaja wa mama wa bi arusi, na kilemba cha baba au mjomba. Kulikuwa na kifungua mlango, cha wale waliosimama mlangoni na kumzuia bwana arusi asiingie mpaka atoe kitu. Na kiosha miguu. Na kipa mkono. Fundi aliyemhitimisha mwanafunzi wake naye alipewa kilemba. Hata leo askari anayestaafu hupokea kiinua mgongo, wala hasimami kufikiri kwamba jina hilo ni picha ya mtu aliyeinama kazini miaka mingi, sasa anasaidiwa kunyooka.

Faida ya majina hayo ilikuwa kwamba kila mtu alijua mapema. Bwana arusi hakukutwa mlangoni na mifuko mitupu, na kina mama wa mlangoni hawakuonekana ombaomba. Walidai chao, kwa kicheko na nyimbo, wakapewa mbele ya watu. Hapakuwa na kunong'ona. (Ilikuwako pia zawadi isiyo na thamani, yaani kumvika mtu kilemba cha ukoka, ambayo ni kumsifu kwa maneno matupu. Wahudumu wa mikahawa wa siku hizi wanakijua sana kilemba hicho: mteja husema “umefanya vizuri mno, mwanangu,” kisha huenda zake.)

Mkahawani, basi, mambo ni haya. Mtu aliyekunywa chai na kula chapati peke yake hana deni la bakshishi kwa mtu yeyote. Akiacha sarafu ya faranga 100, amefanya uungwana. Asipoacha, hapana atakayemnunia. Wenyeji wengi hawaachi, na mhudumu halihesabu kuwa kosa. Hesabu hubadilika mtu anapoketi na jamaa yake kwa muda mrefu. Watoto watatu wamemwaga chai mara mbili, meza imefutwa mara tatu, mtoto mchanga ameletewa maji ya moto ya chupa yake bila malipo, na mama mkwe ameomba nyama irudishwe motoni. Huyo kijana aliyekwenda na kurudi amefanya kazi isiyoandikwa kwenye bili. Faranga 500 kwake ni haki, na ikiwa chakula chote kimefika 10,000 au zaidi, noti ya 1,000 haitakuwa nyingi. Kwenye mahoteli makubwa ya mjini, ambako wageni wengi wamezoea kuacha sehemu moja ya kumi, yafaa kwanza kusoma bili, kwani pengine gharama ya huduma imekwisha kuandikwa humo. Kulipa ahsante mara mbili si ukarimu, ni kutosoma.

Kuna jambo moja ambalo watu wengi hawalifikirii. Siku hizi bili hulipwa sana kwa simu. Huduma ya fedha ya MTN ilianza Rwanda mwaka 2010, na sasa hata mwuza ndizi ana namba yake ya kupokelea malipo. Mteja hubonyeza, huongeza 500 juu ya bili, huinuka akiwa ameridhika nafsi yake. Lakini namba ile ni ya mwenye mkahawa. Zile 500 zimekwenda kwa tajiri pamoja na bei ya chapati, na kijana aliyefuta meza huenda asizione kamwe. Anayetaka ahsante yake imfikie mhusika na ampe mkononi, kwa fedha taslimu, akimtazama usoni. Kwa sababu hiyo mama wa nyumbani mwenye busara hutoka na sarafu chache za 100 katika kitambaa, hata kama fedha zote nyingine zimo katika simu.

Wageni wa nchi za mbali nao wameongezeka Biryogo, wakitembezwa kwa miguu kuonyeshwa misikiti, washonaji na majiko. Wao huja na kanuni za kwao. Marekani, sheria ya taifa inamruhusu mwajiri kumlipa mhudumu anayepokea bakshishi dola 2.13 tu kwa saa, kiasi ambacho hakijapandishwa tangu mwaka 1991, mradi bakshishi zimfikishe kwenye kima cha chini cha kawaida. Kwa hiyo huko mteja ndiye mlipa mshahara, naye asipoacha kitu amemnyima mtu riziki. Ufaransa tangu mwaka 1987 bei iliyoandikwa hotelini lazima iwe na gharama ya huduma ndani yake, na sarafu iachwayo ni ya hiari kabisa. Uingereza ilipitisha sheria mwaka 2023, ikaanza kutumika Oktoba 2024, inayomlazimisha mwajiri kuwafikishia wafanyakazi bakshishi zote bila kukata chochote. Mmarekani akiketi Biryogo na kuacha 5,000 juu ya bili ya 8,000, hakufanya kosa. Amefuata ya kwao. Ila jioni ile ile sajini na mkewe wakiketi meza ya pili, huenda wakaona chai yao inachelewa kidogo. Hapo haifai kushindana na dola. Sajini na aite kwa upole, aulize chai iko wapi, na aache 200 zake kama alivyokusudia. Mhudumu mwenye akili anajua kwamba mgeni yule hatarudi, na sajini atarudi mwisho wa mwezi.

Nje ya mkahawa anasubiri motari, dereva wa pikipiki, akiwa na kofia ya pili mkononi kwa ajili ya abiria wake mmoja. Kwake kanuni ni fupi: bei ijulikane kabla ya kupanda, na akishafika salama chenji ndogo iachwe. Nauli ya 900 ikilipwa kwa noti ya 1,000, ile 100 isidaiwe kwa ukali. Mvua ikinyesha, au usiku ukiwa mkubwa, au akimsubiri mama amalize kununua dawa, mia mbili tatu zaidi zinastahili. Anayekimbiza chombo kwa hatari asipewe hata senti ya ziada, hata kama amefika mapema. Zawadi kwa mwendo wa hatari ni kununua ajali ya abiria ajaye. Katika mabasi ya jiji hakuna la kusema, kwani nauli hulipwa kwa kadi.

Sokoni yuko mtu anayestahili kuzungumzwa zaidi kuliko wote. Pwani, karani ni mtu wa kalamu, mwenye meza na wino. Kigali, mbeba mizigo huitwa karani-ngufu, yaani karani wa nguvu, ambaye daftari lake ni bega. Aliyebuni jina hilo, awe alikuwa na dhihaka au heshima, alisema kweli, maana mtu huyu huandika hesabu nzima mwilini mwake. Gunia la viazi halina uzito ule ule barabarani na kwenye mlima, na Kigali ni mji wa vilima. Nyumba nyingi za mtaani hazifikiwi na gari. Hufikiwa kwa njia nyembamba na ngazi za mawe au za udongo, zenye utelezi siku za mvua.

Hapo ndipo ugomvi mwingi huzaliwa. Mnunuzi husema, “Nipelekee pale juu tu,” mbebaji hukubali kwa bei ya pale juu tu, kisha pale juu panageuka kuwa nyuma ya msikiti, chini ya ngazi, ng'ambo ya mfereji. Mzigo ukishatuliwa, mbebaji hudai zaidi, mnunuzi huita majirani washuhudie dhuluma. Dawa yake si bakshishi. Dawa yake ni kueleza njia kwa ukweli kabla gunia halijainuliwa, na kukubaliana bei kamili ya kazi kamili. Bakshishi huja baadaye, nayo ni ya kile kisichokubaliwa: amepumzika njiani akamsaidia bibi kuvuka mfereji, ameliingiza gunia hadi stoo, amefagia viazi viwili vilivyodondoka akavirudisha. Faranga 100 au 200, pamoja na kikombe cha maji ya kunywa, ni malipo ya mtu mzima. Maji yasisahauliwe. Wako wanaotoa sarafu na wasitoe maji, na mbebaji huondoka akiwa na fedha na kiu.

Kwa mke wa askari aliyepelekwa mbali, pengine katika kulinda amani Afrika ya Kati au Sudan Kusini, watu hawa ni mikono ya nyumba. Mumewe hayupo kuinua mtungi wa gesi. Kwa sababu hiyo huona afadhali kumzoea karani-ngufu mmoja au wawili wanaojulikana, akawaita kwa majina, akawalipa haki yao siku ile ile. Mtu aliyelipwa vizuri mara kumi hujibu simu ya kumi na moja hata kama mvua inanyesha, na hilo haliwezi kununuliwa kwa bakshishi moja kubwa.

Kwenye saluni liko fumbo dogo linalowapita wanaume wengi. Kinyozi hukata nywele, hupokea bei iliyobandikwa ukutani, shughuli imekwisha. Lakini mara nyingi amwoshaye mteja kichwa kwa maji ya uvuguvugu na kumkanda shingo ni mtu mwingine, kijana au binti anayejifunza kazi, naye hana fungu katika bei ile au ana fungu dogo mno. Faranga 200 ni zake, si za kinyozi. Ni hivyo hivyo gereji: fundi mkuu ametaja bei yake na amelipwa, aliyelala chini ya gari akishika taa ni mwanafunzi, na soda yake isipitie mikononi mwa fundi. Mshonaji hapewi kitu zaidi ya bei yake, isipokuwa ameshona usiku kucha ili nguo iwahi Idi au arusi.

Idi yenyewe ni mlango mwingine. Mkono wa Idi hutolewa kwa watoto wote waingiao ndani na nguo mpya, wa nyumba na wa majirani, bila kuulizwa dini zao. Sarafu za 50 na 100 huadimika madukani siku mbili kabla, na mwenye nyumba aliyechelewa kuzitafuta hujikuta anagawa noti. Siku hiyo pia yafaa kumkumbuka mtumishi wa nyumbani, mlinzi na wazoa taka. Mkristo hufanya hivyo Krismasi, na Biryogo wako wanaofanya siku zote mbili kwa sababu jirani amefanya.

Kuhusu mtumishi wa nyumbani, hata hivyo, hapana budi kusema neno la wazi. Kuna nyumba ambazo mshahara wa yaya hucheleweshwa miezi miwili, kisha siku ya sikukuu hupewa kitenge na noti ya 2,000 mbele ya wageni, na wageni husifu. Hiyo si zawadi. Ni sehemu ya deni iliyofungwa kwa karatasi ya rangi. Binti yule ana mama yake kijijini anayesubiri fedha, naye hawezi kutuma kitenge kwa simu. Mshahara kwanza, kwa tarehe yake, wote. Kisha, mtoto akipona homa kwa sababu yaya alikesha naye usiku tatu, ndipo apewe kitu kwa mkono wa mama, na sababu yake itajwe.

Sasa lile la mvaa sare. Katika mikahawa ya mtaa wo wote, si Biryogo tu, hutokea jambo lionekanalo kuwa la upendo. Polisi amekunywa chai, ameinuka kulipa, na mwenye mkahawa anapunga mkono.

“Afande, ya leo imekwisha lipwa.”

“Imelipwa na nani, mama?”

“Ah, afande! Ninyi mnatulinda. Chai ni nini?”

Chai ni faranga mia chache. Lakini wiki ijayo meza za mama huyo zitatoka nje ya mstari uliowekwa, au mwanawe atakamatwa na pikipiki isiyo na bima, na polisi yule yule atafika na daftari lake. Mama hatasema neno. Atamtazama tu. Na majirani waliokuwa wakihesabu vikombe watamtazama wote wawili. Bakshishi ya kinyume, ile inayotoka kwa mwuzaji kwenda kwa mteja mwenye mamlaka, haina kiasi kidogo. Njia iliyo nyepesi ni kuweka fedha mezani kabla ya kuinuka, kushukuru, na kutoka. Mama akisisitiza, na apewe jibu la heshima: “Ahsante sana mama, watoto wako nao watakula nini?” Hakuna mama atakayekasirika kwa jibu hilo, na kama alikuwa na hila, hatajaribu tena.

Sheria ya Rwanda namba 54 ya mwaka 2018, ya tarehe 13 Agosti, haikuacha nafasi ya mzaha katika rushwa. Mtoaji na mpokeaji wote wana kosa. Adhabu yake ya kawaida ni kifungo cha zaidi ya miaka mitano hadi saba, pamoja na faini ya mara tatu hadi tano ya thamani ya kilichotolewa. Na kosa halifutwi na kupita kwa muda. Angalia jinsi watu wanavyokwepa neno rushwa, ambalo Kinyarwanda huliita ruswa. Fedha wanazotozwa wananchi na wapatanishi au viongozi wa mtaa baada ya shauri au mauzo ya kiwanja zilipewa jina la inzoga z'abagabo, pombe ya wanaume. Katika mpango wa Girinka, ulioanza mwaka 2006 kuwapatia ng'ombe jamaa maskini, wako viongozi waliodai kitu kabla ya kutoa ng'ombe, wakakiita ikiziriko, yaani kamba. Maskini alinunua kamba ya ng'ombe aliyepewa bure na taifa lake. Majina haya ni ya ukoo ule ule wa chai, soda na matabishi. Yamevaa nguo za bakshishi.

Namna ya kuyatambua haina ugumu. Je, kitu kinatolewa kabla ya kazi au baada yake? Je, mpokeaji angeweza kuizuia huduma kama asingepewa? Je, kinaweza kutolewa mbele ya meza nyingine bila mtu kushusha sauti? Karani-ngufu hupewa sarafu yake barabarani mchana kweupe, baada ya gunia kutua. Karani wa ofisi ya ardhi hawezi kupewa namna hiyo, na hilo latosha. Kwa hiyo nesi wa zahanati ya serikali, mwalimu wa mtoto, askari wa barabarani na mwandishi wa hati hawapewi chochote, hata wakiwa wakarimu namna gani. Mzazi akitaka kumshukuru mwalimu, na aandike barua kwa mkuu wa shule. Barua huingia katika jalada, nayo hufaa siku ya kupandishwa cheo kuliko soda.

Zipo pia huduma ambazo fedha huzitia doa ingawa hapana sheria iliyovunjwa. Jumamosi ya mwisho wa kila mwezi watu hutoka kwa umuganda, wakazibua mifereji na kulima kando ya njia, daktari pamoja na mwuza mkaa, na anayempa mwenzake noti ili amshikie jembe lake hujidhalilisha mbele ya wote. Jirani aliyempeleka mjamzito hospitali usiku wa manane hapewi nauli asubuhi. Hupelekewa chakula, au mtoto akizaliwa huitwa kwa jina lake.

Na msibani ni zaidi. Kwa Waislamu wa Biryogo, kama popote, kuosha maiti, kumvika sanda, kuchimba kaburi na kumbeba ni wajibu wa jamii, ambao wakiutimiza baadhi wengine wote husamehewa. Waoshaji hawana bei. Wachimbaji ni vijana wa mtaa, na pengine wamo motari na karani-ngufu wale wale ambao jana walibishana juu ya faranga 100. Mgeni asiyejua huingiza mkono mfukoni, na hurudishwa kwa upole. Ubani upo, lakini huo hupewa wafiwa, si wafanya kazi. Udongo ukishasawazishwa vijana hunawa mikono, hunywa maji, hurudi mjini kwa miguu au kwa gari la jirani. Jioni, wakati kina mama wanapokusanya vyombo, mkubwa wa nyumba huuliza ni akina nani waliochimba, akatajiwa jina moja moja na nyumba ya kila mmoja ilipo, ili ajue pa kwenda na jembe siku ikifika zamu yao.